Nani Aliyewatunza Wayahudi wa Kerundut?

Kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto amnyamazishe. Hadithi hii ina mlango wa kuingilia tu. Wa kutokea mtautafuta ninyi wenyewe, na mkigombana njiani, msinilaumu.

Katika mji wa Kerundut walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Selina Njambi alijaliwa mikono. Aliuza mikate, na watu walisema unga ukimwona Njambi unaanza kuumuka wenyewe. Mchungaji Zablon Makokha alijaliwa ulimi. Alisuluhisha ndugu waliopelekana mahakamani, na mara moja alimbembeleza fahali aliyekata kamba hadi akarudi zizini. Wapo waliosema fahali yule alikuwa na njaa tu, lakini hao ni wabishi. Mzee Mosonik, mfugaji wa kondoo, alijaliwa kimya. Ungeweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka kondoo warudi, asiseme neno, na ukaondoka ukidhani mmezungumza sana.

Watatu hawa walijuana kama watu wa mji mdogo wanavyojuana: kwa salamu na kwa misiba. Hawakujua kwamba walikuwa wakibeba mzigo mmoja.

Mzigo wenyewe ulikuwa huu. Zamani, kabla ya uhuru, Kerundut ilikuwa na Wayahudi. Kerundut ni mji wa nyanda za juu, mji wa ukungu, maziwa na pareto, na Wayahudi hao hawakuwa wengi. Wengine walikuja na reli wakafungua duka la mbao na hoteli. Wengine walikuja baadaye, wakikimbia kuuawa huko Ulaya, kila familia na sanduku lake. Walijenga nyumba ndogo ya sala kwa mawe, na mteremkoni nyuma ya kiwanda cha maziwa wakatenga mahali pa kuzikia. Wenyeji waliwaita Wazungu wa Jumamosi, kwa kuwa Jumapili walifungua maduka na Jumamosi wakayafunga. Wasabato walipofika Kerundut miaka ya baadaye, kuna ajuza aliyewauliza kama wao ni wajukuu wa wale.

Hakuna aliyewafukuza. Baada ya uhuru waliondoka mmoja mmoja, huyu Nairobi, huyu Uingereza, huyu Israeli, mpaka siku moja mji ukagundua kwamba hawapo. Kisha hata kule kugundua kukasahaulika.

Sasa sikilizeni kila mmoja wa wale watatu alifanya nini.

Mama yake Njambi, Wanja, alikuwa mpishi katika nyumba ya mmoja wa Wazungu hao. Huko alijifunza mkate uliosukwa kama nywele, wenye ufuta juu, unaookwa Ijumaa tu, miwili miwili, na kufunikwa kitambaa cheupe. Waajiri wake walipoondoka, Wanja aliendelea kuuoka, akamfundisha Njambi. Alipokuwa mgonjwa wa kufa hakuzungumzia shamba wala mbuzi. Alisema, "Ijumaa usiiache." Njambi hakuiacha. Mikate ya viwandani iliyokatwa vipande ilipoingia madukani, wateja walimwambia, "Mama Njambi, huu wa kusuka unakuchosha bure, tuokee wa kawaida." Siku nyingine haukununuliwa hata kidogo, akawagawia majirani. Lakini mkimwuliza kwa nini Ijumaa, kwa nini miwili, kwa nini kitambaa, alicheka tu. "Mama alifanya hivyo. Nami nafanya hivyo."

Nyumba ya sala ilibaki tupu, ikawa ghala la pareto, na hatimaye ikapewa kanisa la Mchungaji Zablon, lililokuwa likisalia chini ya turubai. Juu ya mlango, upande wa ndani, ilichongwa nyota ya pembe sita, na chini yake mstari wa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha ukaja wakati ule ambapo kila mahali watu walinong'ona habari za waabudu shetani, na waumini wakaanza kuitazama ile nyota kwa jicho jingine. Wazee wa kanisa walikuja na patasi na nyundo. Walikuwa wamegonga pembeni mara mbili tatu tu Zablon alipofika, akasimama mlangoni. "Yesu mwenyewe alijifunza kusoma kwa herufi kama hizi," aliwaambia. "Atakayezifuta aanze na mimi." Nusu ya kanisa iliondoka na ngoma zake ikaanzisha kanisa lingine. Familia ya kijana aliyekuwa amemchumbia binti yake ikavunja uchumba, ikisema haiwezi kuoa kwa mwabudu nyota. Ili wale waliobaki watulie, Zablon alikubali jambo moja: aliweka ubao juu ya nyota na maandishi, akaufunga kwa skrubu. Binti yake aliolewa miaka mingi baadaye, mbali, na hakurudi nyumbani mara nyingi.

Na Mosonik? Alipokuwa kijana alikamua ng'ombe wa Mzungu mmoja wa Jumamosi aliyeitwa Levin. Siku ambayo Levin aliondoka, walisimama pamoja mteremkoni kati ya makaburi. Levin aliokota kijiwe, akakiweka juu ya kaburi dogo, akasema, "Mosonik, usiwaache." Basi. Mosonik aliitikia kwa kichwa. Baadaye watu wakaanza kuyachukua mawe ya makaburi: moja likawa ngazi ya duka, jingine sakafu ya bafu. Mosonik hakugombana na mtu. Aliyalaza yaliyobaki kifudifudi, akayafukia udongo mwembamba, majani yakaota, naye akaachia kondoo wake walishe juu yake. Mawe yasiyoonekana hayaibiwi. Mwanawe mkubwa alimtaka auze haki ya malisho yale, akakataa bila kueleza. Mwana akahamia mjini Eldoret na maneno makali, na baba hakumjibu hata moja.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita.

Siku moja ya Alhamisi alishuka Kerundut bibi mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe fupi na viatu vya kutembelea. Aliitwa Miriamu Levin. Alizaliwa Kerundut akaondoka akiwa mtoto, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha jikoni, cha watoto, kama nguo iliyombana.

"Mimi nazaliwa hapa," aliwaambia watu kwenye hoteli alikofikia. "Nyumba ya sala ya Wayahudi iko wapi?"

Mwalimu mmoja aliyekuwa akinywa chai alimtazama kwa upole. "Wayahudi? Mama, hao wako kwenye Biblia."

Alizunguka mji mchana kutwa. Aliuliza sokoni, aliuliza posta, aliuliza kwa chifu. Wote walikuwa wema, na wote hawakujua kitu. Jioni alimwambia mwenye hoteli kwamba kesho ataondoka na gari la saa sita. "Mama yangu alikufa anasema: tumemwacha mtoto peke yake. Ndugu yangu mdogo, Yosefu. Homa. Nilitaka kumwona tu. Lakini hapa hapana mtu anakumbuka."

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa akinywa chai ya kuondokea wakati Njambi alipoingia, akaweka mikate yake juu ya kaunta. Kitambaa cheupe kilichojikunja upande mmoja kilionyesha ncha ya msuko.

Miriamu alisimama ghafla, kikombe cha chai kikapinduka.

"Mkate huu, nani amekufundisha?"

"Mama yangu," alisema Njambi, akishangaa.

"Na mama yako?"

"Bibi mmoja aliyemwajiri zamani. Alimwita Mama Daudi."

"Mama Daudi alikuwa jirani yetu," alisema Miriamu, akakigusa kile kitambaa. "Kwa nini unafunika?"

"Kwa kweli sijui, Mama. Nafunika tu."

"Kwa sababu mezani divai inabarikiwa kwanza. Mkate unafunikwa usione haya."

Njambi aliitazama mikate yake kama mtu anayetambulishwa kwa mtoto wake mwenyewe. Alivua aproni. "Kuna nyumba ambayo mama, kila tukipita, alipunguza mwendo na kuinamisha kichwa. Sijui ni nyumba gani kwenu, lakini kwetu ni kanisa. Twende."

Gari la saa sita likaondoka bila Miriamu.

Mchungaji Zablon aliwasikiliza, akaenda kutafuta bisibisi. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, akatoka jasho. Ubao uliposhuka, vumbi likamwagika, na nyota ikatokea, na chini yake ule mstari.

"Nimelala na swali hili miaka mingi," alisema. "Tafadhali Mama, pameandikwa nini?"

Miriamu alisoma polepole, kidole hewani, kutoka kulia kwenda kushoto. "Inasema: Tulifika salama. Tunashukuru."

Zablon alikaa kwenye benchi. "Wakati wote huo nilidhani nalinda fumbo," alisema. "Kumbe ni watu wanaoshukuru, nami nimewafunga mdomo kwa ubao."

Miriamu akauliza makaburi yako wapi. Njambi hakujua. Zablon alifikiri. "Kuna mzee ana kondoo nyuma ya kiwanda cha maziwa. Watu walipotaka kuchimba choo pale aliketi ndani ya shimo mpaka wakachoka. Sijawahi kumwuliza kwa nini. Hata ningemwuliza asingesema."

Walipofika mteremkoni walikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa kila upande, na tingatinga limeegeshwa kando ya barabara. Jumatatu mahali pale pangesawazishwa pawe soko la mifugo. Msiwaone watu wa Kerundut kuwa wabaya. Mifugo ilikuwa ikiuzwa kando ya barabara kuu, na mwaka uliopita lori lilimgonga mwanamke aliyekuwa amemshika ndama wake. Mji ulilihitaji soko lile kwa dhati.

Mosonik alikuwa ameketi kati ya vigingi. Alimtazama Miriamu akipanda mteremko, akainuka.

"Unatembea kama baba yako," alisema. "Levin."

"Unamjua baba yangu?"

"Aliniambia nisiwaache."

Miriamu aliangalia majani, kondoo, vigingi. "Mzee, hapa kuna mtoto mdogo?"

Mosonik alitembea hadi mahali pasipo na alama yoyote, akakata majani kwa jembe, akapiga magoti, akaingiza vidole udongoni na kuinua jiwe dogo. Aliligeuza, akalifuta kwa kiganja. Chini ya nyota ndogo ya pembe sita, Miriamu alisoma jina la ndugu yake. Akasema lile alilolileta kutoka mbali: "Mama alisema tumemwacha peke yake."

"Hakuwa peke yake," alisema Mosonik.

Hayo machache ndiyo maneno yote aliyosema siku ile, na Njambi anaapa kwamba kwa Mosonik hayo yalikuwa hotuba.

Jumatatu alikuja afisa wa ardhi wa kaunti, Bi. Chelimo, na watu wakajaa mteremkoni. Mosonik alikuwa ameyafukua mawe yote, Miriamu akayasoma moja moja kwa sauti. Lakini mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Lagat, akapaza sauti: "Bi. Afisa, tazama udongo. Bado mbichi! Mawe haya yameletwa juzi na watu wasiotaka soko. Na huyu mama mgeni anaweza kutusomea chochote, nani atambishia?"

Watu wakaguna. Hata waliokuwa wakimwonea huruma Miriamu waliuona uzito wa neno hilo. Bi. Chelimo alimgeukia Mosonik. "Mzee, una shahidi?"

Mosonik alifungua mdomo, akaufunga. Kimya kilichowalinda wafu wale kilikuwa hakina shahidi.

Ndipo Zablon akasema, "Bi. Afisa, naomba utembee nami. Si mbali." Akaongoza njia, na mji mzima ukafuata nyuma, hata dereva wa tingatinga. Ndani ya kanisa alimwonyesha nyota na maandishi yaliyochongwa ndani ya mawe ya ukuta wenyewe, na pembeni alama za patasi za wale wazee aliowazuia. Waliokuwa wameshika patasi siku ile walikuwapo kwenye umati, na mmoja wao, mzee sasa, akasema kwa haya, "Ni kweli. Nilikuwepo. Maandishi haya ni ya zamani kuliko sisi." Bi. Chelimo aliweka jiwe la Yosefu, alilolibeba Mosonik kutoka mteremkoni, chini ya ukuta, akapitisha kidole kwenye herufi za juu na za chini. Nyota ile ile. Mkono ule ule.

"Ni watu wale wale," alisema. "Na mahali walipo watu, sisi hatujengi soko." Soko likahamishiwa upande wa chini, karibu na reli. Lagat alinung'unika siku mbili tatu, kisha akawa wa kwanza kuomba kibanda.

Kabla ya kuondoka, Miriamu aliwaalika wote watatu nyumbani kwa Njambi. Alifungua mkoba wake, akatoa kikombe cha fedha, kidogo, kimechakaa ukingoni.

"Hiki kilikuwa cha baba," alisema. "Kilitoka Ulaya kikaja hapa, kikatoka hapa kikaenda na sisi. Sina mtoto. Nataka kibaki Kerundut, lakini sitaki kiwekwe kwenye kabati la kioo. Kikae katika nyumba ya mtu. Na mwenye kukaa nacho, kila mwaka, siku aliyokufa Yosefu, apande mteremkoni, aseme majina yao."

"Tukitunze kwa zamu," alisema Njambi.

Miriamu alitikisa kichwa. "Sisi tulisahauliwa hivyo. Kila mmoja alidhani mwenzake anakumbuka. Kikae na mmoja. Chagueni ninyi."

Wakatazamana.

Mosonik, kwa mshangao wa wote, ndiye aliyeanza. "Ni changu. Mimi niliambiwa. Nyinyi hamkuambiwa na mtu. Mimi nilitoa ahadi, nikapoteza mwana kwa ajili yake."

"Mzee, nakuheshimu," alisema Zablon. "Lakini uliwaficha hata nasi tukawasahau. Ungesema neno moja tu miaka hii yote, Mama Miriamu asingezunguka mji akiuliza. Na kondoo wako walinenepa juu ya makaburi hayo."

"Na wewe, Mchungaji, hukuweka ubao?" alisema Mosonik. "Na nyumba hukupewa?"

Zablon aliinamisha kichwa. "Niliweka. Na nyumba nilipewa. Lakini wewe ulilinda watu uliowajua. Mimi nililinda maneno nisiyoyaelewa, ya watu nisiowaona kamwe, na gharama yake aliilipa binti yangu. Hata hivyo sikiombi kwa ajili yangu. Nasema apewe Njambi. Mkate na kikombe ni vya meza moja. Na bila mkate wake, Mama huyu angeondoka na gari la saa sita. Mawe yangebaki chini ya tingatinga, na ukuta wangu chini ya ubao."

Njambi alitikisa mikono. "Mnanionea. Ninyi mliumia, mimi nilifanya nini? Nilikanda unga. Mkate ule uliniletea chakula, ukasomesha wanangu. Sikuwakumbuka Wayahudi hata siku moja. Nilimkumbuka mama yangu tu. Mtu anaweza kupewa thawabu ya kumbukumbu asiyojua kama anayo?"

"Anaweza," alisema Zablon.

"Hawezi," alisema Mosonik. "Atakayesema majina lazima ayajue. Mimi nayajua yote, moja moja, jiwe na mahali pake."

"Unayajua," alisema Njambi taratibu, "lakini Mzee, je, utayasema? Na baada yako, nani atayasema? Mwanao yuko Eldoret na hamzungumzi. Wangu mimi wanasuka mkate tayari." Kisha akajishika mdomo, kwa sababu alikuwa amekikataa kikombe, na sasa alikuwa amekiomba.

Mosonik alitazama dirishani. Zablon akakisogeza kikombe katikati ya meza. Miriamu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na usoni mwake hapakuwa na haraka, ila nje gari la Nairobi lilikuwa limeshawasha injini, na kondakta akaanza kupiga kelele za abiria wa mwisho.

Basi, wenzangu, mimi nimefika hapo, na sina uwezo wa kupita. Yupo aliyetunza kwa kuahidi, akafukia. Yupo aliyetunza kwa kushindana, akafunika. Yupo aliyetunza bila kujua, akafungua. Ukimwondoa mmoja wao, Yosefu amelala chini ya soko. Na kikombe ni kimoja, kiko mezani. Miriamu amegeuka, amewatazama ninyi mlioketi hapa. Haya, semeni: angewapa ninyi kukata shauri, mngekiweka mikononi mwa nani, na mngewaambia nini wale wawili watakaorudi nyumbani mikono mitupu?